Mikia ya Ng'ombe na Mabega ya Watoto

Baba yangu, Antipasi Alute, alichanja ng'ombe miaka kumi kabla hajachanja mtu. Jambo hilo lenyewe si kosa. Kosa ni kwamba alipohamia kwa watu alikuja na desturi za kule kule zizini, na sisi tuliobeba jina lake tukachekwa kisimani. Namsimulia kwa sababu alikuwa mtu mwema, na kwa sababu kuna jambo moja alilojifunza kwa shida sana ambalo wengi waliomzidi elimu hawajalijua hadi leo.

Alizaliwa upande wa Mtinko, kwenye nyumba ya tembe iliyovuja kila mvua zilipoanza. Alisoma kwa mapadre mpaka darasa la nne, akajua kusoma, kuandika na kunyamaza, na hilo la tatu alilijua kuliko mengine. Mwaka wa sitini na mbili, Uhuru ungali mchanga, bwana mifugo alipita akitafuta mtu mwenye mkono mwepesi asiyeogopa pembe, akamchukua awe msaidizi wake. Akapewa kaptula ya kaki, baiskeli na kisanduku cha sindano. Mama alikuwa akisema wazi kwamba alimkubali kwa ajili ya baiskeli, na baba hakuwahi kubisha.

Kazi yao kubwa ilikuwa kupambana na homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa ambao ukiingia zizini hautoki na mmoja. Chanjo yake ilichomwa kwenye ncha ya mkia, kwa kuwa mahali pengine ilimdhuru mnyama vibaya. Ng'ombe alisukumwa kwenye kichochoro cha miti, mtu mmoja akashika pembe, mwingine akakunja mkia, baba akachoma. Ng'ombe haelezwi kitu. Anashikwa, anachomwa, anaachiwa.

Mwaka wa sitini na tano walichanja makundi yote ya upande wetu. Kabla ya kuanza, bwana mifugo aliwaambia wasaidizi wake kwamba katika kila kundi mikia michache ingevimba na kuoza, na hiyo ingebidi ikatwe juu ya kidonda ili mnyama apone. Baba alisikia vizuri. Wenye ng'ombe walipomwuliza kama kuna madhara, alijibu kwamba hakuna neno. Wiki tatu baadaye mikia ikaanza kuoza. Walipomwendea tena, akasema ni inzi.

Huo ulikuwa uongo, na nauita kwa jina lake ingawa ni wa baba yangu. Chanjo ilifanya kazi, hilo nalo niliseme. Homa ya mapafu ilipita mwaka uliofuata, ikaua kwa majirani zetu wa mbali na kutuacha sisi. Lakini ng'ombe ambaye hakufa hana hadithi. Mkia uliokatika unaonekana kila siku jioni mifugo inaporudi.

Ili mtu aelewe uzito wa jambo hilo, ni lazima ajue namna mahari ilivyokuwa ikitolewa kwetu. Ng'ombe wa mahari walikaguliwa. Wazee wa upande wa binti walizunguka zizini, wakatazama pembe, macho, chuchu na mkia, bila haraka, kama watu wanaochagua mbegu. Ng'ombe asiye na mkia hakupokelewa, hata awe wa maziwa kiasi gani. Kumpeleka ilikuwa sawa na kumwambia mkwe kwamba binti yake anatosha kwa masalia.

Sasa, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Martha, aliyeolewa na Mughwai, jirani yetu. Mdogo wake Martha alikuwa amechumbia msichana mwaka huo huo, na baba yao alikwisha tenga ng'ombe sita. Watatu kati yao walikatika mikia. Wazee wa binti walikuja, wakazunguka zizi mara moja, wakaaga. Msichana akaolewa kwingine kabla ya mavuno. Kijana yule alifunga shuka lake, akaenda Rungwa kurina asali na wenye mizinga, na hakurudi tena. Martha alimlilia kama aliyekufa.

Kwa hiyo Martha hakumchukia baba kwa kusikia maneno ya watu. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa na miguu, ikaenda Rungwa.

Baba aliacha kazi ya mifugo mwaka wa sabini na mbili, akarudi kwenye uwele wake. Miaka miwili baadaye ikaja Operesheni. Tukahamishwa kutoka kwenye vilima tulikotawanyika, tukapangwa mistari katika kijiji cha ujamaa, na aliyepima viwanja, bila kujua alitendalo, akaiweka nyumba ya Martha mkabala na yetu. Kila asubuhi baba alifungua mlango akamwona. Martha alikuwa mdogo kwake, na adabu haikuruhusu amnyime salamu, basi alimpa shikamoo akiwa anatazama pembeni, baba naye akaitikia marahaba akitazama chini. Salamu za namna ile ni bora zisingekuwepo.

Mwaka wa sabini na sita kijiji kilipata zahanati ya vyumba viwili. Serikali ilitaka kila kijiji kitoe mtu wa kufundishwa kuchanja, na mkutano wa kijiji ukamchagua baba kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kushika sindano. Wengine walinyoosha mkono huku wakicheka. Alikaa Singida mjini wiki sita, akarudi na joho jeupe lililomfika magotini na cheti alichokikunja ndani ya Biblia.

Chanjo ya kwanza aliyopewa achome ilikuwa ya kifua kikuu, ile ya begani. Mwezi wa sita watoto wengi walikuja, maana katibu wa kijiji alitangaza kwa nguvu na watu walikuwa bado na hofu ya Operesheni. Nilikuwepo siku hiyo, nikatamani ardhi inimeze. Baba aliwapanga akina mama kwenye kichochoro kati ya zahanati na ua, mmoja mmoja. Mtoto wa kwanza alipoanza kujipindapinda, baba akasahau alipo, akamwambia mama yake, "Mshike kichwa, asirushe teke." Uani pakalipuka kicheko. Tangu siku hiyo zahanati yetu haikuitwa zahanati. Iliitwa josho, na mwanamke aliyekuwa akipeleka mtoto aliulizwa kama amekwisha mwogesha dawa ya kupe.

Kicheko si kitu. Jambo baya lilikuja baada ya mwezi. Chanjo ile ya begani huleta uvimbe, halafu kidonda kidogo kinachotoa usaha, halafu kinapona chenyewe na kuacha kovu. Ndivyo inavyofanya, na mjini walimfundisha hivyo. Yeye hakumwambia mama hata mmoja. Alichoma, akaachia, kama alivyozoea. Vidonda vilipoanza kuonekana mabegani, kijiji kizima kikakumbuka mikia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wakasema mkono wa Antipasi ni ule ule, dawa ni ile ile, na kwamba sasa mikono ya watoto itakatika. Wengine walipaka majivu na majani, vidonda vikachafuka zaidi. Walipomwuliza baba, alijibu, "Hakuna neno." Maneno yale yale, baada ya miaka kumi na moja. Nilimkasirikia sana, na nadhani bado sijaacha.

Hakuna mkono uliokatika. Lakini kufikia mwezi wa tisa, vidonda vilipokwisha pona, hapakuwa na mama aliyetaka kusikia habari za sindano.

Na mwezi wa tisa ndipo surua iliposikika. Ilianza kijiji cha tatu kutoka kwetu upande wa mashariki, kisha cha pili. Baba alipeleka barua mjini kuomba chanjo, na akajibiwa kwamba itakuja Jumatano kwa lori la duka la Jaffer, lile lililotuletea chumvi na mafuta ya taa. Ingekuwa kwenye sanduku la barafu. Jokofu hatukuwa nalo. Barafu ikiisha, dawa inakufa, na sanduku jingine lisingetoka mjini kabla ya mwezi wa kumi kwisha.

Martha alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, Kristina. Ndiye peke yake aliyebaki. Kabla yake walikuwepo wawili, mvulana na msichana, na surua ya mwaka wa sitini na tisa iliwachukua wote ndani ya wiki moja. Mughwai alichimba kaburi la pili udongo wa kwanza haujakauka. Katibu alipokwenda kumwambia Martha kwamba surua ni mbaya, alimjibu hivi: "Surua naijua. Antipasi naye namjua." Katibu akarudi na jibu hilo kama alivyopewa.

Lori lilifika Jumatano saa tatu asubuhi. Baba alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri. Akafungua sanduku, akatazama barafu, akachanganya dawa ya chupa moja, akakaa kwenye kibao chake. Waliletwa watoto watano, wa katibu, wa mwalimu na wetu. Kisha ikawa kimya. Kina mama walipita na ndoo zao kwenda kisimani, wakatazama, wakapita. Saa sita baba akalifunga sanduku, akavua joho, akarudi hadi mbele ya nyumba yetu, akavuka njia kwenda nyumbani kwa Martha. Sikuwahi kumwona akivuka njia ile.

Yaliyosemwa huko nimeyapata kwa Martha mwenyewe, na zaidi ya mara moja, maana alipenda kuyarudia akiwa anapepeta. Alimkuta uani anapura uwele, Kristina amekaa kwenye ngozi. Martha akamwamkia, hakumpa kigoda. Baba akasimama hapo juani.

"Mikia ilioza kwa sindano yangu, mama Kristina," alisema. "Haikuwa inzi. Tuliambiwa mapema kwamba michache ingeoza. Nilijua kabla sijachoma ng'ombe wa kwanza."

Martha aliacha kupura. Akamwuliza kwa nini basi hakusema.

"Niliogopa mngewaficha porini."

"Wale wa mahari tungewaficha," Martha akasema. "Wengine wote tungekuletea."

Martha anasema baba alisimama pale akapangusa uso kwa kiganja, na yeye akatambua kwamba ni machozi, si jasho, akaona aibu kumtazama. Mtu mzima huyo, mwenye watoto sita. Alimwomba msamaha kwa ajili ya mdogo wake, akimtaja kwa jina. Martha hakusema amemsamehe, na hakusema hajamsamehe. Alimwuliza hii ya leo inafanya nini.

Ndipo baba, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema yote. Kwamba hii haina kidonda, yenye kidonda ni ile ya begani, na ile aliikosea kwa kutowaambia. Kwamba hii humpa mtoto homa, si siku hiyo wala ya pili, bali kama siku ya saba hivi, na huenda akatoka vipele vyekundu kama vya surua yenyewe. Kwamba si wote wanaopata, ila wako wanaopata. Kwamba homa hukaa siku mbili tatu, ikaondoka, na mtoto apewe maji na aendelee kunyonya. Martha akasikiliza hadi mwisho, akainua fimbo yake ya kupuria, akasema ana uwele wa kumaliza.

Baba akarudi kwenye kibao. Saa nane sanduku lilikuwa na maji zaidi ya barafu. Saa tisa lilikuwa na maji matupu, nayo yalikuwa ya vuguvugu.

Saa kumi Martha akatokea, amejifunga kitenge cha kanisani, Kristina mgongoni. Alipita katikati ya kijiji mchana kweupe, kila mtu akimwona. Kina mama wakaacha ndoo, wakamfuata kwa mbali kuona yatakayotokea. Katibu alifurahi mno. Alijua, kama sisi wote tulivyojua, kwamba Martha akichanja, kijiji kizima kitachanja.

Baba alisimama akamwambia dawa imekufa.

Katibu alimvuta pembeni, lakini si mbali, nami nilisikia. Alimwambia amchome tu, hata kwa maji, watu waone, kisha dawa nzuri ikija wamrudie. Nakiri kwamba mimi ningemchoma. Nilikuwa nimechoka kuchekwa, na mbele yetu alisimama yule yule ambaye kukubali kwake kungetusafisha. Baba akatikisa kichwa. Akachukua zile chupa, iliyofunguliwa na ambazo hazikufunguliwa, akazimwaga shimoni mbele ya watu wote. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuatia.

"Kwa hiyo umeniita nije nichekwe," Martha akasema.

"Nimekuita, umekuja, na dawa imekufa," baba akasema. "Nikimchoma maji haya, utalala ukijua amekingwa, na surua ikija itamkuta vilevile."

Martha akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na moja. Kisha akauliza barafu iko wapi. Baba akasema iko mjini.

"Basi kesho alfajiri," Martha akasema, akageuka kwenda zake.

Kutoka kwetu hadi Singida mjini si mbali kwa gari. Kwa miguu, na mtoto, ni safari ya kutwa. Baba alikwenda na baiskeli, Martha na Kristina wakakaa nyuma kwenye tambarare, na kwenye vilima wote wakashuka wakaisukuma. Mughwai alibaki na mifugo. Walizungumza nini njiani sijui, na nadhani hawakuzungumza sana. Mjini nesi alifungua jokofu mbele yao, akamchanja Kristina, akashangaa kwamba mtu wa zahanati amepita maili zote hizo kwa ajili ya mtoto mmoja. Walilala kwa shangazi yake Martha, wakarudi kesho yake.

Hapo ndipo siku zilipoanza kuwa ndefu. Kijiji kilimtazama Kristina kuliko kilivyotazama mawingu. Siku ya pili alicheza, ya nne alicheza. Asubuhi ya siku ya saba, Martha alimgusa akamkuta anawaka moto, na kufikia saa nne vipele vilikuwa vimemjaa shingoni na usoni. Kina mama wakajaa uani. Waliyaona macho yake mekundu, na kila mmoja alijua alichokuwa akikiona. Mmoja akaanza kulia. Yustina, mke wa kaka yake Mughwai, akasema wazi kwamba Antipasi ametoka mikiani sasa anaua, na kwamba wanaume waitwe.

Sisi tulikuwa ng'ambo ya njia, mlango tumeurudisha. Baba alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti. Nilimwogopea. Nilijua pia alichokuwa akikiogopa yeye, nacho hakikuwa wanaume. Aliogopa kwamba mtoto hana homa ya chanjo, kwamba surua yenyewe ilikwisha mwingia kabla ya sindano, na kwamba Martha atazika wa tatu.

Nikasikia sauti ya Martha kupitia ufa wa mlango. Haikuwa kubwa. Aliwauliza wale wanawake leo ni siku gani tangu aende mjini. Wakahesabu. Wakasema ni ya saba.

"Aliniambia siku ya saba," Martha akasema. "Aliniambia na vipele. Nileteeni maji ya kumpa, kisha mwende mkapike."

Hawakwenda kupika. Walikaa pale hadi jioni, wakarudi kesho yake na kesho kutwa. Siku ya tisa homa ikashuka. Siku ya kumi Kristina akaomba ugali, akala na mlenda, akalala. Martha alivuka njia akaja kwetu na kibuyu cha maziwa, akampa mama, akamwamkia baba akiwa anamtazama.

Surua iliingia kijijini kwetu wiki moja baadaye, kabla ya sanduku. Watoto wawili walikufa, na mmoja wao alikuwa wa Yustina. Kristina alikuwa amelala mkeka mmoja na mtoto yule, na hakupatwa na kitu. Baba alikwenda kwenye mazishi yote mawili na kushika jembe. Hakuna aliyemfukuza. Yustina alimpa mkono, akashindwa kuuachia.

Sanduku lilikuja mwisho wa mwezi wa kumi. Uwanja ulijaa kabla lori halijazima injini, wengine wametoka vijiji vya jirani, watoto mgongoni na mkononi. Baba hakuwapanga kwenye kichochoro. Aliwaketisha chini, akavaa joho lake, akaanza kusema. Akaeleza sindano hii ni ya nini, akaeleza homa, akaeleza siku, akaeleza vipele na macho. Akaeleza na kidonda cha begani, ambacho hakikuwa cha siku hiyo. Hakuwa msemaji, alirudia maneno, akakohoa, akapotea, akaanza upya. Jua lilikuwa likipanda na barafu iko kwenye sanduku. Mwanamke mmoja wa nyuma, mgeni, akanung'unika kwamba huyu mzee anawatisha bure, achome waende zao.

Martha alikuwa ameketi mstari wa mbele, na siku hiyo hakuwa na mtoto wa kuchanja.

"Mwacheni amalize," alisema.